Siku Tulipodhaniwa Wavunja Mlima

Ninyi mnaocheza drafti mbele ya duka langu la kutengeneza cherehani, hapa Pumwani, mmeisikia safari yetu kutoka kwa Njoroge. Tatizo ni kwamba kila Njoroge anaposimulia, mlima unaongezeka urefu na mbuzi wanageuka kuwa nyati. Jana nilimsikia akisema tulifyatuliwa mishale. Hakuna aliyefyatua mshale. Nimeona heri niandike jinsi ilivyokuwa, kwa mpangilio, na anayetaka kubishana aje na ushahidi.

Komarock, asubuhi

Tulikutana kwa Njoroge, ambaye anakaa Komarock na ana pikapu ya kubebea mboga. Tulikuwa wanne. Njoroge mwenyewe mnamjua. Zainabu wa Majengo, muuza viazi jirani wa duka langu, alikuja na ndoo ya viazi karai, vile vya kukaangwa na unga, iliyofunikwa kwa kitambaa, na kwa sababu ya ndoo hiyo alipewa kiti cha mbele bila mjadala. Mimi nilikuwa na maji na kitabu cha jiografia nilichonunua kwa wauza mitumba. Wa mwisho alikuwa Shikuku, akitokea Huruma, na ndiye aliyekuwa sababu ya safari.

Kwa wasiomjua Shikuku: ni fundi wa plasta, na kuta za nje ndizo kazi yake. Mwaka juzi alikuwa amesimama kwenye jukwaa la miti, ghorofa ya tatu, ubao ukamtoroka chini ya miguu. Aliangukia lundo la mchanga, akavunjika mguu. Mguu ulipona vizuri, lakini tangu hapo hajapanda juu tena. Amekuwa chini, anakoroga mota ya mchanga na simiti, anawapelekea wenzake ambao zamani walikuwa wakimpelekea yeye. Wiki ile mnyapara wake alikuwa amemwambia kwamba jengo jipya linahitaji kiongozi wa mafundi wa nje, kuanzia Jumatatu, na kwamba anataka jibu kabla ya Jumapili jioni. Shikuku hakujua kama ana jibu. Alituambia waziwazi: "Nataka kupanda mahali parefu kwanza, nione kama bado niko mtu." Basi tukachagua mlima.

Mlima wenyewe uko ng'ambo ya Kangundo, na wenyeji wanauita Ivia, yaani jiwe kwa Kikamba. Njoroge aliwahi kupita karibu nao akienda kuchukua nyanya.

Shikuku alifika na gunia. Alilimwaga uani. Zilitoka kofia ngumu za mjengo, nne, vizibao vya manjano vinavyong'aa, vinne, na kamba nene ya manila aliyoifunga mafundo kila baada ya urefu wa mkono ili mtu apate pa kushika.

"Buda," Njoroge akamwambia Shikuku, "tunaenda mlima ama tunaenda kumwaga slabu ya ghorofa?"

"Vaa."

"Watu watacheka."

"Jiwe likianguka halitakuuliza kama watu walicheka. Vaa, Njoroge."

Zainabu alishavaa. Aliiweka kofia juu ya mtandio wake, akajiangalia kwenye kioo cha gari, akarekebisha. "Mimi ni injinia kuanzia leo," akasema. "Mtaniita Injinia Zainabu, na hakuna kugusa ndoo."

Nilivaa na mimi. Kusema kweli niliona ni jambo la busara, na mpaka leo sijui kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyeona kasoro yake mapema.

Barabara ya Kangundo

Ilikuwa Januari, jua kali, anga safi. Shikuku na mimi tulikaa nyuma, tukiegemea makreti matupu yaliyonuka vitunguu. Baada ya Malaa gari lilianza kutoa mvuke. Njoroge alisimama, akafungua boneti, akaliangalia kama anayeliomba msamaha, kisha akamwaga nusu ya maji yangu ya kunywa ndani yake. Tulingoja kivulini mwa ukuta wa kanisa moja mpaka injini ikapoa. Waliopita walitusalimu kwa heshima nyingi kuliko tulivyozoea, na mmoja alitushukuru kwa kuja kurekebisha barabara. Zainabu alimjibu kwamba kazi itaanza hivi karibuni. Nilimwambia si vizuri kudanganya watu.

"Mwalimu," akasema, na mnajua mimi si mwalimu ila mmeniita hivyo kwa sababu ya vitabu, "hiyo barabara lazima siku moja itarekebishwa. Nimedanganya wapi?"

Tala ilikuwa siku ya soko. Tulinunua maembe, yale madogo yenye nyuzi, matamu sana, na tukala tumesimama huku maji yakitutiririka mpaka kwenye viwiko. Hapo ndipo mzee mmoja mwenye koti alipotuomba lifti. Alikuwa anaenda kwenye mkutano wa mazishi, njia ileile yetu. Alikaa nyuma pamoja nasi kwa muda mrefu, akiviangalia vizibao, kofia, na ile kamba yenye mafundo.

Tulipomshusha, alimwendea Njoroge dirishani. "Mnaenda wapi nyinyi?"

"Kwa ile mlima, Ivia."

"Kufanya nini?"

Njoroge hawezi kuulizwa swali akalijibu tu. "Kuipasua, mzee," akasema. "Ikifika jioni ni kokoto."

Akacheka. Mzee hakucheka. Tulipoondoka nilimwona akitoa simu mfukoni, na sikulitilia maanani.

Chini ya Ivia

Ivia ni mwamba mmoja mkubwa uliotoka ardhini, mweusi kwa mistari ya kijivu mahali maji ya mvua yalipopita, na kichwani una nyasi na miti michache. Kitabu changu kinasema miamba ya upande huo ni ya kale mno, ilipikwa chini kabisa ya ardhi ikapanda polepole. Shikuku aliinua uso akaupima kwa namna yake. "Ghorofa kumi," akasema. "Lakini ile sehemu ya kushika kwa mikono ni nne tu. Labda tano." Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini alikuwa anafungua na kufunga kizibao chake.

Hatukufika chini yake. Barabara ilikuwa imezibwa kwa matawi ya miiba, na nyuma ya matawi walisimama watu wapatao ishirini, wengi wao wanawake, na mwanamume mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri sana.

"Mimi ni Musyoka, katibu wa kamati ya kijiji," akasema. "Zimeni gari."

Njoroge akazima, nasi tuliokaa nyuma tukashuka.

"Nani amewapa ruhusa?"

"Ruhusa ya nini?" nikauliza.

Musyoka alinyoosha kidole nyuma yake. Kwenye mguu wa mwamba palikuwa na alama kubwa ya X, kwa rangi nyekundu. Watu wa Huruma wanaijua alama hiyo. Mtu akiamka aikute ukutani kwake, anaanza kutafuta nyumba nyingine kabla tingatinga halijafika.

"Woi," Njoroge akasema, "kumbe hata mlima unaweza kuwekwa X? Kwani umejengwa kwenye barabara?"

Hakuna aliyecheka. Musyoka alieleza kwamba watu wasiojulikana walikuja miezi kadhaa iliyopita, wakapaka alama, wakaenda bila kusema. Tangu hapo kijiji kinangoja wenye mashine za kuvunja mawe. Na leo amepigiwa simu na mzee mwenye heshima zake kwamba watu wanne wenye kofia za kazi wako njiani, wamesema kwa midomo yao kwamba wataupasua mlima, na wana kamba ya kupimia.

Sote watatu tulimwangalia Njoroge.

"Ilikuwa utani," akasema kwa sauti ndogo.

Nilijaribu kueleza. Nilitoa hata kitabu changu kuonyesha kwamba nia yetu ni kujifunza, nikafungua ukurasa wenye picha ya mawe. Hilo lilikuwa kosa. Mwanamke mmoja alipaza sauti: "Mnaona! Wana mpaka picha!"

Shikuku alishaanza kurudi kwenye gari. "Twendeni nyumbani," akaniambia kimyakimya. "Labda hili ndilo jibu langu." Nilimwangalia usoni na nikaona amepata nafuu, na nafuu hiyo ilinisikitisha. Kama tungegeuza gari pale, Jumapili jioni angekataa kazi ile, na angekoroga mota mpaka uzeeni akisema ni kijiji kilichomzuia.

Zainabu alishuka. Alikwenda mpaka kwenye miiba, akaweka ndoo chini, akaifunua.

"Katibu, njoo uangalie. Hii ni nini?"

Musyoka akachungulia. "Viazi."

"Viazi karai. Nimevipika tangu alfajiri. Wewe umewahi kuona kampuni ya kuvunja mawe inakuja na viazi karai, kwa pikapu ya vitunguu, inavuja maji? Mwangalie yule dereva. Ungempa baruti?"

Watu walimwangalia Njoroge. Mwanamke mmoja mrefu, mwenye leso kiunoni na viatu vya raba, alianza kucheka, na wengine wakafuata. Huyo alikuwa Mama Mwende. Alichukua kiazi, akatafuna, akasema kitu kwa Kikamba, na matawi yakaanza kuondolewa.

Musyoka hakutaka kushindwa kabisa. Aliweka masharti: kofia, vizibao na kamba vibaki kibandani kwake mpaka tushuke, na Mama Mwende apande nasi, kwani mbuzi wake walikuwa juu na angetuchunga pamoja nao.

Shikuku alivua kofia yake mwisho. Aliishika kwa mikono miwili kwa muda. "Sasa hakuna kamba," akasema.

"Kamba ya nini?" Mama Mwende akamuuliza. "Mbuzi wangu hawana kamba."

Jiwe lenyewe

Mwanzo wake ni njia ya kawaida kati ya vichaka, kisha mawe makubwa ya kupandia kama ngazi ya mtu mrefu. Tulipanda vizuri. Zainabu alifunga gauni lake juu ya suruali na kumpita kila mtu. Njoroge alihema kama gari lake. Jua lilikuwa utosini, na mwamba ulitoa joto ungedhani una moto ndani.

Kisha tukafika kwenye ubapa. Ni sehemu ya mwamba mtupu, imelala kidogo nyuma, na ufa mmoja unaukata kwa mshazari kutoka chini kushoto mpaka juu kulia. Unaweka miguu ndani ya ufa, unashika ukingo wake, unasogea. Si vigumu. Lakini nyuma yako hakuna kitu isipokuwa hewa, na chini kabisa unaona paa la kibanda cha Musyoka.

Zainabu alitangulia na ndoo yake, Njoroge akafuata, Mama Mwende akafuata. Kisha Shikuku, na mimi nyuma yake. Katikati ya ufa akasimama. Aliweka paji la uso kwenye jiwe.

"Shikuku," nikamwita.

Alizidi kulikumbatia jiwe.

"Wee fundi, ni nini?" Njoroge akaita kutoka juu. "Ama unaangalia kama plasta imeshika?" Kisha akaona mwenyewe, akanyamaza. Kwa Njoroge kunyamaza si jambo dogo.

"Siwezi kwenda," Shikuku akasema, akilisemesha jiwe. "Na siwezi kurudi."

Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu milima wiki ile. Sikukumbuka hata neno moja lenye manufaa. Nilimwambia apumue, naye akaniambia anapumua.

Mama Mwende alikaa juu yetu kidogo, mahali palipo na bapa la kukalia, akaweka mkono shavuni.

"Nimesikia wewe ni fundi," akasema. "Nikuulize. Nimejenga tangi la maji ya mvua, linavuja. Kwa nini?"

Shikuku akauliza, uso ukiwa bado kwenye jiwe: "Linavujia wapi?"

"Kila mahali."

"Mliweka mchanga kiasi gani?"

"Fundi alisema simiti ni ghali, kwa hivyo tuliweka mchanga mpaka rangi ikapendeza."

Kichwa cha Shikuku kiliinuka kutoka kwenye jiwe. "Mpaka rangi ikapendeza?"

"Rangi ya kijivu. Ile nzuri."

"Mama, mota si uji! Na mchanga mlitoa wapi?"

"Mtoni. Ulikuwa na matopematope kidogo."

"Mlichekecha?"

"Kuchekecha ni nini?"

"Ai!" Aliuondoa mkono mmoja kwenye jiwe ili aupige hewani, na akaendelea kuongea na mkono huo huku mguu wake ukisogea kwenye ufa. "Huyo si fundi, huyo ni mwizi. Na plasta ya ndani, mliimwagilia maji siku ngapi?"

"Tuliacha ikauke na jua. Si ndivyo?"

"Na jua hili?" Alikuwa amesogea tena. "Mama, umeoka mkate! Umeoka mkate halafu unataka ushike maji!" Na kwa maneno hayo alifika alipokaa yule mama, akasimama mbele yake kwa hasira, akimtikisia kidole. Mama Mwende alisogea kumpisha, naye akaketi. Ndipo alipoangalia alikotoka.

Nilipanda nusu iliyobaki nikiwa peke yangu, na nitakiri kwamba hakuna aliyeniuliza habari za matangi.

Juu

Kichwani mwa Ivia pana uwanja mdogo wa nyasi kavu, upepo, na mbuzi waliotuangalia bila kuvutiwa. Upande mmoja tuliuona mlima wa Kilimambogo, mpana na wa bluu. Mbele yake nchi tambarare, mabati yakimeta hapa na pale, na mbali kabisa ukungu wa vumbi ambao Njoroge alisema ni Nairobi. Nilipima mwelekeo wa jua nikakubaliana naye, na hilo ndilo jambo pekee alilosema kweli siku ile.

Tulikula viazi na pilipili ya ukwaju, na Mama Mwende akatoa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya Wakamba, iliyofungwa kwenye mfuko, baridi, na maharagwe yake. Zainabu aliuliza jinsi inavyopikwa, na wanawake hao wawili wakaanza mazungumzo ambayo hayakutuhitaji.

Shikuku hakula sana. Alitoa simu. "Nataka kumpigia mnyapara," akasema. "Hapa hakuna mtandao."

Aliinua simu akatembea. Akajaribu karibu na miti, hapana. Akajaribu kwenye jiwe la katikati, hapana. Akiwa ameinua uso kwenye simu, akaendelea kutembea, na ardhi ikaisha. Alisimama kwenye ukingo wenyewe wa Ivia, vidole vya viatu vikiwa hewani, akasema, "Haya, umekuja."

Njoroge alinishika mkono akauminya. Tulimsikia vizuri kwa kuwa upepo ulikuwa unakuja kwetu.

"Mkubwa? Ni Shikuku. Niko mlimani. Mlimani, ndiyo. Sikiza. Jumatatu nitakuja... Ngoja kwanza. Jukwaa nitafunga mimi mwenyewe. La nyumba yote. Sikanyagi ubao uliofungwa na mtu mwingine." Akasikiliza. "Hapana, si kiburi." Akasikiliza tena, na sauti yake ikapanda. "Nilidhani ni urefu unaonitisha. Sasa hivi nimesimama ghorofa kumi, mkubwa, na natafuta mtandao. Si urefu. Ni ile msumari mmoja mtu alipiga akiwa na haraka. Ukitaka mimi, ni hivyo. Hutaki, nitakoroga." Kisha simu ikakatika.

Aligeuka. Akaona tulivyokaa, akaangalia alipokuwa amesimama, akarudi hatua mbili haraka sana.

"Amesema nini?" Zainabu akauliza.

"Amesema nitamchelewesha. Halafu mtandao ukapotea."

Kushuka

Tulishuka kwa njia ya mbuzi, upande wa nyuma, mrefu zaidi na mpole. Mama Mwende hakutuacha tuende zetu. Tangi lilikuwa linavuja kweli. Nilitaka kujua kama alikuwa amelitunga pale juu ili kumsaidia, na sasa nimeridhika kwamba alikuwa na shida yake tu na alikuwa amempata fundi asiyeweza kukimbia. Shikuku aliligonga pande zote kwa jiwe dogo, akisikiliza, akitikisa kichwa. Alimwelekeza hatua kwa hatua jinsi ya kubomoa plasta ya ndani na kuanza upya, na kumrudishia yule fundi mchanga wake.

Musyoka aliturudishia vitu vyetu, ila kofia ya Zainabu ilikuwa kichwani mwake na hakuonyesha dalili ya kuivua. Zainabu alimwachia. Katibu wa kamati anayengoja mashine za kuvunja mawe anaihitaji kuliko muuza viazi.

Huruma, na siku zilizofuata

Mnyapara hakupiga simu Jumapili. Shikuku alikwenda tu Jumatatu, na hakufukuzwa, kwa hiyo akaanza kufunga miti. Mjengo wenyewe uko njia ninayopita nikienda kuchukua vipuri, na nilipita kila siku.

Jumatatu alifunga. Jumanne alifungua nusu ya alichofunga Jumatatu, akafunga tena. Mafundi walikaa chini kwenye mawe wakila mahindi ya kuchoma. Jumatano mnyapara alikuwa anafoka barabarani mpaka wapita njia wakasimama: nyumba inangoja, mwenye nyumba anapiga simu, hakuna hata mwiko mmoja wa mota uliopanda!

"Ngoja," Shikuku akamjibu kutoka juu, bila kuangalia chini, akiwa na misumari mdomoni.

Alhamisi nilimkuta ghorofa ya tatu. Alipiga msumari wa mwisho, akaweka nyundo kando. Akasimama katikati ya ubao. Kisha mtu mzima yule, baba wa watoto wanne, akaruka kwa miguu yote miwili, akatua, akaruka tena, tena, jukwaa lote likitoa mlio mzito usiotikisika, na wale mafundi chini wakaacha kutafuna.

Akachungulia ukingoni.

"Mnakaa tu?" akawaita. "Leteni mota!"